Kwa Salma, Anayekwenda Kutunza Viwanja

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo chumbani unapigana na zipu ya begi, na babaako anakusisitiza uchukue pasi, nawe unamjibu kuwa Korogwe pasi zinauzwa. Mie nimekaa uani, ubao wa kukatia mboga ndio meza yangu. Adhana ya laasiri imepita sasa hivi, na nataka niwe nimemaliza kabla ya magharibi, kwa sababu magharibi nyumba itajaa. Shangazi zako wa Wawi wanakuja na masufuria yao, na mjomba wako kasema anakuletea pweza mkavu kutoka Kisiwa Panza. Wakishaingia hao hutanisikia tena mpaka kesho unapanda boti ya Tanga.

Ningeweza kukutumia ujumbe wa sauti kwenye simu, lakini najua sauti zangu hazifiki mwisho, unazikata. Karatasi utaisoma, angalau kwa kuona haya.

Habari za chandarua, dawa, nani umpigie ukishuka na nani usimpe simu yako akaishika, babaako ameshazisema zote na atazisema tena bandarini. Sizigusi. Nataka nikwambie mambo ya kazi, kwa sababu kazi unayoiendea ndiyo kazi yangu, na nina furaha mpaka naona haya kwa majirani.

Hujui nilivyofanya siku ile ulipopigiwa simu ukaambiwa umepata. Nilikuwa Kiwanja cha Mkungu, tunapaka chokaa mistari kwa ajili ya mechi ya vijana. Simu ikalia, nikakusikia unasema, "Mama, nimepata. Afisa wa bustani na michezo." Sijui nilikujibu nini. Ninachojua ni kuwa nilizunguka na simu sikioni nikaikanyaga mistari yote mibichi, na chokaa ikanipanda mpaka kwenye pindo la buibui. Waliokuwa wakipaka walinitazama, wakarudia kazi yao upya. Ulipokwenda chuo Unguja sikufanya hivyo. Chuo ulikwenda na begi moja na kila likizo ulirudi. Safari hii unakwenda na sufuria zako, na unakwenda kufanya kitu ambacho mie nilikifanya kwa kubahatisha.

Basi tulia nikuhadithie, kwa sababu kuna mengine uliyaona ukiwa mdogo hukuyaelewa, na mengine uliyasikia kwa watu wakiyatia chumvi.

Nilipopewa kazi hii hujaanza skuli. Nilikuwa nimesomea kilimo cha maua na mboga, basi wakubwa wakaona anayejua maua atajua bustani, na anayejua bustani atajua na michezo. Idara nzima ilikuwa mie, wafagiaji wawili, toroli, na mpira wa maji uliotoboka. Kiwanja cha Mkungu wakati huo kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Asubuhi watu walikikata kati kwenda sokoni, mchana kililala mbuzi, jioni walicheza mpira vijana wa Kocha Faki, na siku za sikukuu zilisimamishwa pembea na wakajipanga wauza ashkrimu. Watu walikuwa wanakitumia tangu kunakucha mpaka kunakuchwa. Mie sikuliona hilo. Niliona vumbi na mbuzi, nikaona aibu ya mji.

Nikataka bustani kama zile nilizoziona Unguja. Nilihangaika, Salma. Niliomba miche, nikaomba saruji, nikaenda mpaka kwa watu nisiowajua. Nikazungusha seng'enge kiwanja kizima, nikaotesha majani, nikapanda asumini na mawaridi, nikajengesha viti vya saruji vikapakwa rangi nyeupe na kijani. Mlangoni nikasimamisha kibao, maneno niliyachagua mwenyewe: Ni marufuku kukanyaga majani. Siku ya kufunguliwa alikuja mkubwa akakata utepe. Picha yake ndiyo ile iliyopo sebuleni, nimevaa buibui jipya na meno yote nje.

Baada ya siku ile hakuja mtu. Wazee walikuwa wanapita nje ya seng'enge, wanatazama ndani kama mtu anavyotazama sebule ya tajiri, wanakwenda zao. Kina mama wenye mizigo ya sokoni walilazimika kuzunguka njia ndefu, na nilikuwa nawasikia wanavyonisema, maana dirisha la ofisi yangu lilielekea huko. Nikajiambia watazoea. Kila jioni nikawa naingia peke yangu kumwagilia, nakaa kwenye kiti kimoja, nasema na mawaridi.

Vijana wa Faki walihamia barabarani, pale penye mteremko. Nilijua. Nikajiambia hilo nalo litapita, watatafuta pengine. Jioni moja vespa ikaja kwa kasi, ikamgonga mlinda mlango wao, Said, ikamvunja mguu.

Nilikwenda hospitali kumtazama. Nje ya wodi nikamkuta Faki amekaa sakafuni, bado kavaa jezi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilitegemea atanitukana, na nilikuwa tayari. Hakupandisha hata sauti. Aliniangalia akasema, "Bi Mgeni, sisi tulikuwa na kiwanja."

Nimelitafuta kwa muda mrefu jibu la maneno yale.

Said alipona, unamjua, ndiye yule fundi friji mwenye watoto pacha. Lakini golini hakurudi. Na mie wiki ile ile nilichukua koleo nikaanza kung'oa seng'enge. Mkubwa wangu alikuja juu, akauliza nani atakayejibu bustani iliyofunguliwa kwa sherehe ikibomolewa. Nikamwambia nitajibu mie. Alinitazama kama mwendawazimu, kisha akaondoka, na kwa vile hakusema usibomoe, niliendelea. Kibao nacho nilikitoa, kikawa mlango wa banda la kuku la babaako. Asumini niliziacha upande wa ukuta wa nyuma, maana huko hakukuwa na anayepita, na ndizo hizo unazozichuma.

Sikwambii usipande maua, mwanangu. Panda, na mengi. Nakwambia kabla hujapanda, kaa pembeni utazame watu wanapita wapi na watoto wanakimbilia wapi. Ukiwa na nguo zako za ofisini wataacha wanayoyafanya wakutazame wewe, basi kaa mpaka wakuchoke.

Kiwanja kilipofunguka nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na hapa nitakupeleka kwa Bi Riziki.

Unamjua kwa bajia zake na unamjua kuwa ni mama yake Faki, lakini nadhani hukumbuki vita vyake. Yeye na wenzake wengi wa mitaa ile walikuwa na sukari na presha, na kila wakienda kliniki daktari anawaambia watembee, wafanye mazoezi. Wakaja ofisini kwangu, kundi zima, wakaomba wapewe kiwanja jioni, mara mbili kwa wiki. Jioni ilikuwa ya mpira. Niliwapokea vizuri, nikawapa maji, nikakaa mezani kwangu nikatafuta njia ya kumridhisha kila mtu bila ya kumuuliza yeyote. Nikawapa alfajiri, kwa sababu alfajiri kiwanja ni kitupu. Nikaona nimekuwa hodari.

Bi Riziki alirudi peke yake kuniambia hawataki. "Alfajiri kiwanja hakina mtu kwa sababu watu wana kazi, Mgeni," akasema. "Mie alfajiri nipo kwenye karai. Huyu anatayarisha watoto wa skuli, yule anakwenda kupanga foleni ya maji. Umetupa kile ambacho hakuna anayekitaka." Nikamwambia nitalifikiria. Unajua maana ya afisa akisema atalifikiria.

Walingoja. Walipoona kimya, walichagua siku yao, na waliichagua kwa akili. Ilikuwa siku ya mechi na timu ya Wambaa. Wageni wameshashuka kwenye gari, wameshavaa, watu wamejaa pembeni, na kina mama wakatokea upande wa sokoni na mikeka kichwani. Wakaingia katikati ya kiwanja, wakaitandika kwenye duara la kati, wakakaa. Bi Riziki na beseni lake la bajia.

Mie nililetewa habari nyumbani, nikatoka mbio nikikukokota wewe. Nilipofika mkubwa wangu ananipigia simu, sauti mpaka watu wa pembeni wanaisikia, niwaondoe kina mama wale kabla hajaleta askari. Nikamwambia nakwenda kusema nao. Nilikuwa sijui nitasema nini. Wewe ulinichopoka mkononi ukakimbilia mkekani, na nilipokufikia ulikuwa umeshakaa mapajani mwa Bi Riziki, bajia mdomoni. Ilinibidi nami nikae. Huwezi kumfukuza mtu ambaye mtoto wako kamkalia.

Faki akaja. Nilimuonea huruma. Timu yake inamtazama, wageni wanamtazama, na aliyemkalia kiwanja ni mama aliyemzaa. Akachuchumaa mbele yake akasema pole pole, "Mama, inuka. Wageni wanatutazama."

"Na wanitazame," akamjibu. "Daktari kaniambia nitembee. Nitembee wapi, Faki? Barabarani, nikagongwe kama Said?"

Nilimuona Faki anavyoinamisha kichwa. Akachezea majani kwa kidole kwa muda. Halafu hakunitazama mie mwenye ofisi, alimtazama mamaake akauliza, "Mwataka siku ngapi?"

"Mbili. Na tusitazamwe."

Hilo la kutazamwa ndilo ambalo mie sikulijua kabisa. Nilidhani wanagombania saa. Kumbe hata ningewapa jioni zote za mwaka wasingekuja, kwa sababu kuna wanaume hukaa kwenye ule ukuta wa upande wa maduka, mwanamke mzima akianza kukimbia wanacheka. Wao walikuwa wameshalizungumza majumbani mwao miezi mingi. Aliyekuwa halijui ni mhusika wa michezo.

Faki akasimama, akawaita vijana wake pembeni, wakasemezana. Akarudi akasema siku mbili ni zao, na siku hizo timu yake itakaa kwenye njia zote za kuingilia, na asiyetakiwa hatapita. Bi Riziki akafikiri, akamwambia na wao wakae wamegeuza migongo. Faki akakubali. Ndipo kina mama wakakunja mikeka. Lakini hawakutoka moja kwa moja. Walizunguka kiwanja mzunguko mmoja mzima, taratibu, mikeka kichwani, mbele ya watu wote, na vijana wa Wambaa wakawapigia makofi. Nami nilizunguka nao, nimekubeba, na nilikuwa natweta kuliko Bi Riziki.

Tulifungwa siku ile. Faki mpaka leo anasema ni kwa sababu ya ile mikeka.

Wewe ulikua ukiyaona yale ukadhani ndivyo dunia ilivyo: wavulana wamekaa kwenye njia, migongo kwa kiwanja, nyuma yao mama zao wanaruka. Wiki za mwanzo wale wa ukutani walikuja kucheka, wakazuiwa na watoto wao wenyewe, wakaacha. Mke wa mkubwa wangu naye akaanza kuja. Baada ya hapo habari ya askari sikuisikia tena.

Nilijifunza kuwa mie si mwenye kiwanja. Nimeajiriwa tu kuhakikisha wenye kiwanja wanapata kusikilizana. Pale mkekani sikutoa uamuzi wowote, na ndiyo siku niliyofanya kazi vizuri kuliko zote. Lakini usidhani nilijifunza mara moja nikawa mjuzi. Sasa nakuja kwako.

Ulikuwa bingwa wa nage. Ukiingia kati baina ya warushaji wawili, mpira unakufuata huku wewe umeshakuwa kule, na wenzako wanapiga kelele. Nikitoka kazini nilikuwa nachelewa kwa makusudi nikutazame. Halafu ulipofika madarasa ya juu uliacha. Kwanza ulisema kichwa kinakuuma, kisha ukasema una kazi za skuli, kisha hukusema kitu. Nikatazama kiwanjani nikaona si wewe tu, wasichana wote wa umri wako wameondoka. Nikamwambia babaako mtoto keshakua, kaanza haya.

Kama afisa, nililivalia njuga. Nilimuuliza sheha, akasema ni wazazi. Nikawauliza wazazi, wakasema ni skuli. Nikawauliza walimu, wakasema ni simu. Nikaomba mipira mipya ya wasichana, ikaja, mizuri, nikapanga ratiba, nikatangaza kwa kipaza sauti mitaani. Wakaja kidogo mwanzo, kisha hawakuja. Mipira ikakaa ofisini na upepo wake.

Niliwauliza watu wote wa mji huu isipokuwa wewe, niliyekuwa nakula nawe sahani moja.

Siku tuliyokuwa tunaosha vyombo hapa hapa uani, nalalamika habari ya mipira, ukaacha kusugua sufuria ukaniuliza, "Mama, wewe ukiwa pale kiwanjani kutwa, wajisaidia wapi?"

Nikakwambia narudi ofisini.

"Na sie?" ukasema.

Ulikuwa umeshika steli waya na povu linakutiririka mkononi, nawe hukunikasirikia, ulinitazama tu unisaidie kufika mwenyewe. Msichana mkubwa, siku zake zimemfika, kiwanja hakina choo wala bomba, nyumbani mbali. Na mie nawatangazia kwa kipaza sauti.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Mzee Kanji, yule wa duka la vitambaa linalotazamana na kiwanja. Nilijua nyuma ya duka lake kuna ua na choo, nikataka kumuomba awafungulie wasichana jioni mpaka nipate kujenga. Nilijitayarisha maneno njia nzima. Nikamkuta mkewe, Bi Hansa, anapanga majora. Sijamaliza salamu akaniambia, "Mwanao kaja jana. Tumeshaweka ndoo na sabuni."

Ulikuwa umekwenda kabla ya kuniambia mie. Hukunambia kwamba umekwenda. Ulitengeneza njia kwanza, kisha ukanifungulia mamaako macho, na ukaniacha nidhani nimeitengeneza mie. Nilitoka dukani mwa Bi Hansa nikasimama juani nacheka peke yangu, na watu wanapita wananitolea salamu za wasiwasi. Siku ile ndiyo nilijua utafanya kazi gani. Sikukwambia, kwa kuogopa ukisikia natamani utakimbilia uhasibu.

Wasichana walirudi mmoja mmoja, wewe mbele. Choo kilichukua muda mrefu kujengwa, na muda wote ule Bi Hansa alikuwa anaacha mlango wa nyuma wazi mpaka magharibi, na Mzee Kanji anajitia hawaoni wanaoingia na kutoka. Kilipokamilika nilimwita Bi Hansa afungue. Akaniambia choo hakikatiwi utepe, akacheka, lakini alikuja, na sari yake ya sikukuu.

Sasa Korogwe. Siijui, na ndiyo maana nasisimka. Sijui wana kiwanja gani, sijui wanacheza nini watoto wao jioni, sijui mvua yao inakuja vipi. Umeniambia kuna milima karibu, inaonekana ukiwa mjini. Hapa kwetu mlima wa kumtisha mtu hatuna. Nimelala naiwaza hiyo milima kama ninayekwenda ni mie. Nawaza unaamka, unafungua dirisha, kuna baridi, na kuna mji mzima wa watu ambao bado hujawauliza kitu. Watakucheka unavyosema. Ukifungua mdomo tu watajua si wa huko, na mwenye kujua zaidi atakwambia wewe Mpemba. Waache wacheke, kisha waulize, kwa sababu mtu akishacheka nawe huwa anakujibu kweli. Mgeni ana haki ya kuuliza maswali ya kijinga, na haki hiyo haidumu. Itumie yote.

Kuna siku utapanga jambo zuri halafu mvua inyeshe. Kuna siku utakosea, na watakaoumia hawatakuwa wewe. Hiyo nimeshindwa kukutafutia dawa. Ninachokijua ni kuwa siku hiyo uende mwenyewe mpaka pale alipo aliyeumia, usimtume mtu, hata kama utasimama mbele yake huna la kusema.

Na kuna siku nyingine. Sikukuu iliyopita, wewe ulikuwa jikoni na shangazi zako, mie nilikwenda kiwanjani baada ya laasiri. Hukupaona palivyokuwa. Pembea zote zinakwenda, mabaluni, moshi wa mishikaki, watoto wamevaa miwani ya jua ya rangi na viatu vinavyowaka taa, vijana wa Faki wanasimamia foleni ya kupandia pembea, wasichana wamejichukulia kona yao wanacheza nage na nguo mpya. Nilitafuta cha kufanya nikakosa. Kila kitu kilikuwa kinakwenda. Nikasimama karibu na pembea kubwa, hakuna anayenijua, au wanaonijua wana shughuli zao.

Akaja mwanamke wa shamba, kijana, ana mtoto mchanga mkononi na mwingine anamvuta kanga. Akanitazama juu mpaka chini, akaona mtu mzima asiye na kazi. Akanipa mtoto. "Mama, nishikie huyu," akasema. "Nami nataka kupanda."

Akapanda, na yule mtoto wake mkubwa pembeni. Ile pembea ilipokwenda juu alifumba macho, ilipokwenda juu zaidi akayafungua, akacheka kicheko cha mtoto wa chekechea, ushungi umemuangukia mabegani wala hajali. Nami nipo chini na mtoto wake, ananyonya kidole changu, na machozi yananitoka kwa furaha. Aliposhuka alimchukua mwanawe, akanishukuru, akaenda zake. Hakujua nani aliyeomba kibali cha pembea zile, nani aliyekagua kamba, nani aliyegombana na nani mpaka zikasimama. Hakutaka kujua, na sikutaka ajue. Salma, nakuombea jioni kama ile. Nakuombea nyingi.

Nawasikia shangazi zako wanaingia, na kelele zao zimetangulia. Babaako ananiita nije nimwambie pasi iko wapi, maana kaamua utakwenda nayo. Ikubali tu.

Mungu akufikishe salama, akupe watu wa kukwambia ukweli na masikio ya kuusikia. Mie likizo yangu nimeshaiomba, sikungoja mwaliko. Siku utakayofungua kitu chako cha kwanza huko, hata kiwe bao la wazee na viti viwili, nambie. Nitakuja. Usiniwekee kiti cha wageni, wala usinitambulishe kwa mtu. Nionyeshe tu foleni ya kupandia ilipo.

Mamaako,
Mgeni